Ndege wa Kalenda

Kanisa lao la Rongai lilitaka picha za ndege za kuweka kwenye kalenda, mradi kila ndege awe na jina. Picha ya Mugure ilionyesha mgongo wa kahawia tu, tena ilikuwa na ukungu.

“Mama Muiruri, huyo ni shomoro,” Kiarie, mumewe, akamcheka. “Wataikataa.”

Mugure akavaa miwani, akaikuza picha pole pole. Kando ya ndege kulining'inia kiota kama soksi, cha nyasi na utando wa buibui.

“Shomoro haning'inizi nyumba. Huyu ni chozi, yule wa kunyonya maua. Jike hana rangi za kung'aa.”

“Na hizo nyuzi nyekundu kwenye kiota?”

Mugure akaitazama sweta yake nyekundu iliyofumuka, ile aliyomlaumu Kiarie kwa kuinasa kwenye misumari.

“Ngoja kwanza nikupikie chai,” akasema.