Minofu Iliyokosa Njia

Jumanne moja ya mwaka 1995, Aoko alinunua mgongo wazi kwenye lango la kiwanda cha samaki mjini Kisumu, kama alivyofanya kila siku. Mgongo wazi ni mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, aliyekwisha kutolewa minofu: kichwa, mfupa na mkia, basi. Minofu hupanda ndege kwenda Ugiriki, na mifupa huuzwa kwa akina mama. Alifika kibandani kwake Kaloleni, akabandika karai, akafunua beseni, akakuta nyama imerudi kwenye mifupa yote. Ilikuwa nyeupe na baridi, bado ina chembe za barafu.

Akaikata vipande vikubwa akakaanga.

"Samaki wako leo wamevaa suti," alisema Milka, aliyeuza kwenye kibanda cha pili. "Na jana tu walikuwa uchi."

"Hata wako wamevaa. Angalia vizuri."

Milka akaangalia, akaongeza mafuta kwenye karai.

Jioni ile Aoko alimpelekea baba yake, Mzee Nicodemus, kipande kisicho na mfupa. Mzee hakuwa na jino hata moja. Alikuwa amevua samaki tangu ujana wake, lakini tangu viwanda vije alikuwa akinywa mchuzi tu, kwa sababu mifupa ilimchoma ufizi. Sasa alikula ugali na samaki kwa muda mrefu. Siku zilivyokwenda mashavu yake yakaanza kujaa. Aoko hakutaka kitu kingine chochote ila nyama ile ikae.

Huko Ugiriki masanduku yalikuwa yakifika matupu. Mnunuzi alituma faksi, na meneja wa kiwanda, Bwana Zadock, akamwita fundi wa ile kompyuta iliyoielekeza minofu njia yake, binti aitwaye Wamaitha, ambaye wazazi wake walihamia Kisumu kutoka Nyeri. Wamaitha aliomba kwanza aletewe mtu mwenye samaki. Askari wa lango akamleta Aoko, aliyekuwa mbele kwenye foleni na beseni lake limeshajaa.

"Kaa hapa karibu yangu, mama," Wamaitha alisema. "Mimi nitaangalia skrini, wewe uangalie samaki. Kikisogea kitu, niambie."

Aoko akaweka beseni mapajani, chini ya leso; nyama ilikuwa imeshairudia mifupa.

Wamaitha hakuipiga mashine kofi, wala hakuizima na kuiwasha kama alivyokuwa akifanya Bwana Zadock. Aliisoma. Na huku akiisoma alimweleza Aoko, kama mtu anavyomweleza mwenzake wa kazi. Mnunuzi alikuwa amenunua kompyuta ya lugha yake, na folda ya kupokea samaki akaipa jina la Kigiriki. Kompyuta haijui herufi, inajua namba tu. Namba ambayo kule ni A yao, hapa Kisumu inatokea C yenye mkia.

"Kwa hivyo nyama inafika mlangoni, inakuta jina si lile ililoambiwa. Inarudi kwao."

"Kwao ni huku," Aoko alisema.

"Ndiyo, mama. Kwao ni huku."

Kwanza Wamaitha aliandika jina kama lilivyoonekana, na mikia yake yote. Ndani ya beseni hakikusogea kitu. Kisha akaipa mashine jedwali la herufi za Kigiriki. Aoko akafunua leso, akaona nyama imeinuka, imezunguka, imekaa tena, lakini ya mkia imekaa kichwani. Akamnong'oneza.

"Basi nusu ya jina imeeleweka," Wamaitha alisema, akafuta yote.

Akapiga simu Ugiriki. Akamwambia mtu wa huko aipe folda jina la herufi za kawaida, A mpaka Z, zile ambazo namba zake ni zilezile kila nchi. Laini ikakatika. Akapiga tena, ikakatika tena. Hakupandisha sauti hata kidogo. Aoko, ambaye huona haya hata kuita mteja, alimtazama binti huyu akiongea na ng'ambo huku Bwana Zadock amesimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama mwanafunzi.

Wamaitha akabonyeza kitufe.

"Unaona nini, mama?"

Aoko alichungulia chini ya leso. Angeweza kusema hakuna kilichosogea. Akaitazama ile mikono juu ya kibodi, akaona si haki kuikataa kazi safi namna hiyo.

"Imeenda," akasema. "Yote."

Bwana Zadock akamshukuru fundi, akamwambia Aoko atoke na beseni lake. Wamaitha alimfungulia mlango.

"Hata njia ya kuibakiza huku ningeweza kuiandika, mama," alisema. "Lakini sikuitiwa hiyo."

Jioni Mzee Nicodemus alikuta mfupa sahanini.

"Kumetokea nini?"

"Njia imetengenezwa, Baba. Na binti mmoja. Ungemwona anavyofanya kazi."

Akamsimulia yote: zile namba, zile simu, na sauti isiyopanda. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, ulimi wake ukitafuta mwiba uliokwama kwenye ufizi. Akautoa, akauweka kando ya sahani.

"Huyo ni fundi kweli," akasema. "Mwalike siku moja aje ale hapa."

Aoko akasema atamwalika.