Jeshi la Bi Swabaha

Bi Swabaha binti Kamaludin alikuwa na ulimi, na Mji wa Kale wote ulimjua. Mtumie shairi la uchokozi asubuhi, alasiri haijaingia umekwisha kujibiwa kwa vina vile vile na mizani ile ile, na baraza zote za Ndia Kuu zinakucheka. Ndiyo desturi ya Mvita: shairi likija kwa jina lako, ujibu, ukinyamaza umeshindwa. Na kushindwa mama huyu hakukuzoea. Alitunga kwa mdomo tu. Mwandishi wake alikuwa mwanawe Yeslam, kijana mwenye hati nzuri hata watu wakimletea misahafu awanakilie.

Basi mkono huo wa Yeslam ndio uliovunjwa na Taib. Taib alikuwa seremala wa milango, fundi hasa, ila hasira zake zilikaa puani. Walikosana barazani kwa maneno ya kipuuzi, maneno ya kuona haya kuyataja, na Taib akainua gongo lake la kupigia patasi. Vidole vilipona vikiwa vimepinda, kalamu haikushikika tena. Taib akafungwa miaka mitatu. Yeslam naye akaapa kwamba shairi hataligusa tena, kwa mkono wala kwa mdomo. Akawa anashinda ghorofani, kimya, amemnunia kila mwenye vidole vizima.

Siku moja akaja Mwanatumu, dada yake Taib, aliyekuwa akimpelekea nduguye chakula gerezani.

"Sabalkheri, Bi Swabaha."

"Akheri. Una uso mkavu wewe, kupiga hodi kwangu."

"Nimetumwa." Akatoa karatasi kutoka chini ya kawa la sahani. "Ni shairi. Kaka amekutaja kwa jina."

Lo! Bi Swabaha alitamani kulichana hapo hapo, na angelichana, nani wa kumlaumu? Lakini alikuwa ametajwa. Akalisoma. Lilikuwa la kuomba radhi, nalo lilichechemea beti baada ya beti, tena katikati Taib akawa anasema kwamba Yeslam ndiye aliyeanza.

"Ati hii ndiyo radhi?" akasema. Akachukua kalamu mwenyewe, yeye ambaye hati yake ilikuwa kama kuku aliyeparuza vumbi, akajibu papo hapo. Alimtukana Taib kwa vina vizuri sana, kisha akamalizia kwa maneno makavu: "Shairi kilema silisamehe, sembuse aliyelitunga. Usiniombe radhi tena mpaka beti zako zisimame, na mpaka uache kumsingizia mwenzio."

Taib akajibu. Akajibiwa. Ikawa ndiyo kazi ya Mwanatumu, kwenda na chakula na kurudi na shairi. Bi Swabaha hakumhurumia hata chembe. Hapa umepungukiwa mizani. Hapa umejisifu. Hapa umesema "ikatokea bahati mbaya", bahati gani, gongo liliruka lenyewe? Futa! Akamwandikia: "Huko wanakufunza kupasua mawe. Mimi nakufunza kusema kweli, utaona lipi gumu." Na Taib, mtu wa hasira zile, akafuta. Kila karatasi ilikuja imenyooka kuliko iliyotangulia.

Yeslam alijua yote, na yalimuuma.

"Mtu kanivunja mkono, mama, nawe wamfunza kuandika?"

"Namfunza ajue alichokivunja."

"Ajue, asijue, vidole vyangu vitanyooka?"

Bi Swabaha alikwenda jikoni akalia, kisha akatoka na kalamu yake vile vile.

Kifungo cha Taib kilikuwa kinakaribia kwisha pale mlinzi alipoinua kawa la Mwanatumu. Karatasi ya Bi Swabaha, isiyotiwa jina, ikapelekwa kwa mkalimani, mgeni kutoka bara asiyejua mambo ya Mvita, naye akamfasiria mkuu wa gereza, Mzungu. Ilikuwa na maneno haya:

*Nitavunja lako lango, nikutoe hadharani,*
*Jeshi langu la mpango, laja kwenu gerezani.*

Mtoto yeyote wa Mjini angecheka. Hayo ni majigambo ya malumbano, mtunzi akimtisha mtunzi mwenziwe. Jeshi ni beti zake. Lakini vita vya Gazi, watu wa pwani walipowaasi Wazungu, havikuwa vimesahaulika, na yule Mzungu akaona gereza lake limekwisha kuvamiwa. Mwanatumu akarudi mbio huku analia. Kaka yake ataongezewa mwaka, na asipomtaja mwenye jeshi, zaidi. Naye Taib amekataa kumtaja.

"Amekataa?" Bi Swabaha akauliza.

"Amesema hata wamkate ulimi."

"Wamkate ulimi! Na mie nimeutengeneza kwa taabu yote hii?" Akatwaa ukaya wake akajitanda kichwani.

Yeslam akasimama mlangoni. "Mama, mchana huu? Bibi kama wewe, kwa miguu, kwenda gerezani? Tena kumtetea yeye? Mji mzima utatuonaje?"

"Mji na uone. Nipishe."

Akapita Ndia Kuu katikati ya mchana, wanaume wakiinuka barazani kwa mshangao, naye hakumtazama mtu. Alifika mlango wa gereza akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, "Mwenye jeshi ni mimi."

Wakamwingiza. Mkalimani akamuuliza kama anajua kosa lake.

"Najua la kwako. Hukuuliza. Mwambie mkubwa wako hayo ni mashairi, na huyo mfungwa ndiye aliyemvunja mwanangu mkono."

Mzungu akakunja uso. Ikiwa ndivyo, akauliza, bibi amekwisha kumsamehe?

"Sijamsamehe! Ndiyo maana nataka azungumze. Hajamaliza kunijibu, na hapana mtu mwenye ruhusa ya kumnyamazisha kabla hajamaliza, si wewe wala aliyekutuma."

Mzungu akafikiri, kisha akatoa sharti. Kama kweli ndiyo desturi, mfungwa na aletwe, ajibu sasa hivi, bila karatasi. Asipoweza, mwaka wake uko pale pale.

Taib akaletwa, amekonda, mikono imepasuka kwa mawe. Bi Swabaha hakuwa amemwona tangu siku ya hukumu. Akamsomea ile mishororo miwili. Taib akafumba macho.

*"Sina ngao sina fungo, lango wazi, ingiani,*
*Nilishika mimi gongo, nikavunja cha thamani,*
*Leo nainama shingo, sijifichi asilani…"*

Akakwama. Mshororo wa nne haukuja. Alikuwa amemwona mtu mlangoni. Bi Swabaha akageuka. Alikuwa Yeslam, anahema, amemfuata mama yake amrudishe nyumbani, na alikuwa amesikia yote. *Nilishika mimi gongo.* Si bahati mbaya, si "yeye ndiye aliyeanza".

Mkalimani akamwinamia Mzungu sikioni. Taib akamtazama Yeslam, kisha akatazama chini. Ndipo Yeslam akasema, polepole, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umekufa ganzi:

*"Iinue hiyo shingo, nami ningali vitani."*

Mzungu hakuelewa neno, lakini aliona mlinzi wake wa Mvita anapigapiga bunduki kwa furaha, na mkalimani amebaki mdomo wazi. Akaisukuma ile karatasi kando. Mwaka haukuongezwa.

Bi Swabaha akamgeukia mwanawe. Machozi yalikuwa yanamtiririka wala hakuyafuta.

"Shingo imekwisha kutumika," akamwambia. "Kina hakirudiwi. Nani kakufunza uvivu huo?"

"Nitakitengeneza nyumbani," akasema Yeslam.

Kesho yake asubuhi Mwanatumu alipita na chakula, akaitwa kutoka dirishani angoje. Ghorofani Yeslam alikuwa ameketi pale alipoketi mama yake siku zote akitunga, na karatasi ameiweka upande wa mwandishi, mbele ya mama.

"Andika, mama," akasema. "Na jina litiwe langu."