Nafasi ya Mama Eun-ju

Jumapili ya kwanza baada ya kuzikwa, Mama Eun-ju aliingia jikoni mwa kanisa kabla ibada haijaanza, akavaa glavu zake za mpira za rangi ya waridi, akaanza kukata figili. Wenzake walimsogezea ubao.

"Umechelewa, dada," alisema Shemasi Kwak. "Supu ingetuumbua leo."

Mumewe, Mzee wa Kanisa Maeng Gi-tae, alionja supu hiyo mchana akajua ni mkono wa nani. Akaenda kwenye dirisha la jikoni.

"Umekula?" mkewe aliuliza.

"Nimekula. Jumapili ijayo njoo tukae pamoja ibadani."

"Nikimaliza vyombo, Baba Eun-ju."

Jibu lilikuwa lilelile tangu waoane. Wanaume waliposali, wake zao walipika, na mahubiri waliyasikia kwa kipaza sauti kilichotundikwa juu ya jiko, ambacho mvuke ulikiharibu zamani kikabaki kukoroma. Maeng hakuwahi kukaa benchi moja na mkewe. Wakati mkewe akiwa hai, Maeng hakuona neno. Sasa alilitamani. Akaweka mto wa kukalia kando yake, na aliyetaka kuketi hapo aliambiwa pana mwenyewe.

Baridi ilipoingia, Mchungaji Tak, kijana mgeni mjini, aliwaambia wazee wa kanisa kwamba wamejitwisha mengi, na mshika mawili moja humponyoka. Baraza likafuta kwaya ya pili, mashindano ya kukariri Biblia, safari ya maombi mlimani. Kila kitu kilipofutwa watu walishusha pumzi. Kikabaki chakula cha Jumapili.

"Na hiki tukifute," alisema Mchungaji. "Akina mama nao wakae, walisikie Neno. Mama Eun-ju hata kifo hakijampumzisha."

"Kwani amelalamika?" Mzee Bang alicheka. "Mfu hachoki, Mchungaji. Tena supu yake imezidi utamu."

Kura zikalingana. Wote wakamgeukia Maeng, aliyebaki kupiga yake.

Nyuma ya ukuta, jikoni, kisu kilikuwa kimenyamaza. Maeng alifikiria nyumba yake, sufuria ya wali wa mtu mmoja, na jioni zote alizoacha mlango wazi mkewe asije. Alikuja hapa tu, penye kazi. Kazi ikiisha, je, angekuja kuukalia ule mto, au asingekuja kabisa? Maeng aliogopa. Aliogopa kama mtoto.

"Chakula kibaki," alisema.

Alipopita dirishani, mkewe alikuwa ameshavua glavu moja.

"Wamekifuta?" aliuliza.

"Hapana."

Hakumwambia mkono ulioamua ulikuwa wa nani. Mkewe alimtazama kidogo, kisha akaivaa tena ile glavu, akivuta kidole kimoja kimoja.

"Basi waambie wachague figili vizuri," alisema. "Za leo zilikuwa na nyuzi."

Jumapili iliyofuata watu walikuja wamelala vizuri, nyuso zimenawiri. Mchungaji alihubiri juu ya pumziko. Nyuma ya ukuta kisu kiligonga ubao, na harufu ya supu ikaanza kupenya chini ya mlango. Maeng aliweka kiganja juu ya ule mto uliokuwa baridi, akasubiri chakula.