Amina ya Dereva Akonaay

Usiku wa jana niliota redio ya upepo imekaa mezani kwangu, inakunywa chai.

Ndiyo ile ninayoitunza hapa nyumbani kwa niaba ya usharika, ya kuongea na gari la kliniki ya mkoba linapokwenda kule simu zisikoshika. Garini yumo binti yangu Elitruda, ambaye ni muuguzi, na dereva wao, Akonaay. Nilipolala walikuwa hawajarudi, na betri ya redio nilikuwa nimeiacha kwenye chaja.

Redio inaweka kikombe chini.

"Mama Elitruda," inasema, "mtoto anakuita, lakini mlima umekaa katikati."

"Nifanyeje?"

"Panda juu. Si ndiyo sheria?"

Ni kweli. Marehemu mume wangu, aliyeendesha gari hilo kabla ya Akonaay, alinifundisha kwamba redio isiposhika mtu hutafuta mwinuko. Basi naichukua mkononi. Nakanyaga kiti, nakanyaga meza, nakanyaga kabati la vyombo. Juu ya kabati kuna mimbari ya kanisa letu, na juu ya mimbari kuna majani makavu na upepo. Nipo mgongoni mwa mlima. Ni mchana. Nimevaa kanga za jikoni, naona aibu kidogo.

"Nani huyo?" mlima unauliza.

"Ni mimi, mjane wa Tluway. Shikamoo."

"Marahaba. Maneno ya mwanao yananigonga mbavuni tangu asubuhi. Yachukue."

Yamelala kwenye nyasi kama kokoto. Nayaokota kwenye upindo wa kanga, nayapanga moja moja: Mama, korongo ni kavu, tuvuke au tusubiri?

Natazama chini. Gari jeupe liko ukingoni mwa korongo, dogo kama kibiriti. Upande wa juu, nyuma ya kona wasikoweza kuona, maji ya mvua ya mbali yanakuja, rangi yake kama chai ya maziwa, yamebeba mti mzima. Hayana haraka. Yanatembea kama watu wanaokwenda mazishini.

Nabonyeza kitufe, naanza kuwaombea. "Ee Baba, uwafunike watoto hawa kwa mkono wako, uwatangulie mbele, uwalinde nyuma..."

"Mama," redio inasema, "ukibonyeza wewe, wao hawana midomo."

Kweli. Elitruda ametoa kichwa dirishani, na chini ya pua hana kitu. Anajipapasa. Naachia kitufe, mdomo unarudi.

"Sasa sala imekula betri," redio inasema. "Imebaki ya neno moja. Chagua vizuri."

Neno lenyewe nalijua. Ni "Simameni." Liko kwenye ncha ya ulimi. Nabonyeza. Lakini tangu nipewe redio hii sijamsemesha mtu bila kumsalimu kwanza, na kinywa kinashika njia yake kiliyoizoea.

"Bwana Yesu asifiwe."

Tena sikuvuta pumzi. Marehemu alinikumbusha kila mara: bonyeza, vuta pumzi, ndipo useme, la sivyo mwanzo unakatika. "Bwana" linaanguka miguuni pangu. "Yesu" linafuata. Kinachovuka bonde ni "asifiwe" peke yake, kisha taa ya redio inazimika.

"Ndilo hilo tu?" mlima unauliza.

"Ndilo hilo."

"Mbona halijawaambia kitu?"

Nainama kuyaokota yale mawili, maana si majina ya kuachwa chini.

Gari linaanza kushuka. Redio inavua antena yake kama mtu anayevua kofia. "Pole, mama," inasema.

Najifunika uso kwa kanga. Ndipo, kwa mbali sana, nasikia sauti ya kiume ikisema taratibu kama ya mtu aliye ibadani: "Amina."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Betri ilikuwa kwenye chaja palepale nilipoiacha, na redio kwenye rafu. Nikapachika betri.

"Kituo, kituo, hapa mkoba. Mama, upo? Ova."

"Nipo, mwanangu. Mko wazima? Ova."

"Wazima. Tumekwama ng'ambo, korongo limejaa. Alfajiri tulikuwa tunashuka tuvuke, ndipo ukatusalimia. Tulisikia 'asifiwe' tu, mwanzo umekatika kama kawaida yako. Nikamwambia Akonaay avuke kwanza, ataitikia mbele. Akagoma. Eti salamu ya mama haiitikiwi na mtu anayehangaika na usukani. Akakanyaga breki, akashika redio. Maji yakapita mbele ya taa za gari, mama, na mti mzima. Ova."

Niliitazama chaja.

Redio ikakwaruza, ikaja sauti ya Akonaay. "Shikamoo, mama. Hukujibu tena. Amina yangu ilifika? Ova."

Nikabonyeza. Nikavuta pumzi.

"Marahaba, baba. Ilifika. Ova."