Sauti ya Dalal Sirri

Ijumaa baada ya swala, katika ghorofa moja ya mtaa wa Shubra, wanawake watatu walikuwa wakichambua mlenda mbele ya televisheni. Gamalat, mwenye nyumba, alichambua haraka. Mama yake mdogo, Bibi Insaf, alichambua polepole na kimya, kwa kuwa hakuwa na sauti tangu ujana wake. Akitaka kitu, aligonga kijiko kwenye glasi. Mirhan, binti wa Gamalat, hakuchambua sana. Alikuwa na maoni.

"Shujaa kapigwa risasi kifuani na nywele hazijatikisika," alisema. "Na huu muziki wa siku hizi ni kama mbuzi kafungiwa kwenye pipa. Naupenda, lakini ni mbuzi."

"Chambua," alisema mama yake.

Ikaanza filamu ya zamani. Nyota wake, Dalal Sirri, aliinamia cherehani akaimba.

"Mzuri, sikatai," alisema Mirhan. "Ila hiyo sauti si yake. Mwembamba vile hawezi kuwa na sauti iliyoshiba hivyo. Kuna mtu alifichwa."

Hakuna aliyewahi kulitamka hilo tangu filamu itengenezwe. Sauti ikatoka kwenye televisheni, ikapita juu ya sinia na kupeperusha majani kidogo, ikamwingia kinywani Bibi Insaf, naye akakohoa kama aliyepaliwa. Dalal Sirri aliendelea kufumbua na kufumba mdomo.

"Ubeti wa pili nilikuwa na mafua," alisema Bibi Insaf.

"Kumbe ni wewe, mama mdogo," alisema Gamalat.

"Ni mimi. Walinirekodi, wakaniambia asante. Nikataka kuuliza jina langu litaandikwa wapi, nikakuta sina cha kuulizia."

Gamalat akachukua fungu lingine la mlenda.

Tangu siku hiyo Bibi Insaf alisema yote aliyokuwa ameyaweka moyoni. Alimwambia jirani wa juu kwamba nguo zake zinachuruzika kwenye dirisha lao. Alimwambia Gamalat kwamba anampenda, na kwamba wali wake ni mbichi. Mirhan alicheka, lakini kila mlango ulipogongwa alichungulia kwanza kwa hofu. Wenye sauti wangekuja kuidai, na bibi angerudi kwenye kijiko.

Wakaja. Stesheni ya televisheni ilimtuma Ustadhi Wagdi, karani mpole aliyebeba chupa tupu yenye kizibo.

"Karibu, mwanangu," alisema Bibi Insaf. "Unataka nikuimbie, au utaimimina chupani tu?"

"Imba kwanza, mama, nihakikishe."

Akaimba. Ustadhi Wagdi alisikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Sasa nitaomba kuuliza. Filamu tuliinunua pamoja na sauti ya mwimbaji wake. Mwimbaji ni nani?"

Mirhan akafumbua kinywa ili haki itendeke. Bibi Insaf akamfinya paja.

"Dalal Sirri," alisema Bibi Insaf. "Si mmeandika wenyewe?"

"Tumeandika. Na kwenye mabango, na kwenye kaburi lake."

"Basi katafuteni ya kwake. Mimi ni mwanamke wa Shubra."

Ustadhi Wagdi akafikiri, akakikaza kizibo. "Afadhali," alisema. "Ngazi zenu ni ndefu, na hii chupa huwa inavuja." Akanywa chai, akaomba na ya pili.

Mirhan alipumua mpaka mapazia yakasogea. "Bibi, jina lako hawataliandika milele."

"Najua," alisema Bibi Insaf, na alilisema kwa sauti.

Filamu bado huonyeshwa Ijumaa. Dalal Sirri hufumbua mdomo bila kutoa sauti, na jina lake sasa limeandikwa kwa herufi kubwa zaidi. Watu majumbani, ambao wanayajua maneno yote, huimba wenyewe kujaza pale palipo kimya. Muuza mboga wa chini alisema nyota huyo hajawahi kuimba vizuri hivi, akamwuliza Bibi Insaf anaonaje.

"Anajitahidi," alisema Bibi Insaf. "Nipimie kitunguu saumu, na usiniwekee kilichooza. Ukiniwekea, sasa nitasema."