Kundi la Kukaa

Yolande alikuwa amekwisha kumfunga mgonjwa wa tisa mpira wa kupimia presha mkononi alipomwona maman Mapendo mlangoni pa kituo cha afya, gunia la unga mgongoni, kamba ikimkata kipaji cha uso. Alijua kwa nini mama huyo ameitwa, maana yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka jina lake.

Watafiti walitaka kujua kama kutembea haraka kunatuliza uvimbe wa ndani ya mishipa kwa watu wenye tension, presha ya damu. Walipiga kura kuwagawa wagonjwa: nusu watembee kila asubuhi toka Kadutu hadi Muhumba na kurudi, na raba nyeupe za bure, nusu wakae walivyozoea. Wote wangepata vidonge. Mapendo aliangukia kundi la kukaa. Kwenye fomu, penye "mazoezi", Yolande aliandika "hakuna", ingawa mama huyo alikuwa anapandisha magunia toka bandarini hadi soko la Kadutu tangu ujana wake. Fomu haikuuliza habari za kubeba.

Juma lililopita Yolande alimwona nyuma ya watembeaji, mzigo mgongoni, anahema, anajikaza asiachwe. Akamwambia daktari Pascal, msimamizi wa utafiti. Kazi ni kazi, alijisemea.

"Maman, ulikuwa unatembea na kundi lingine?" Pascal aliuliza, macho kwenye skrini ya ordinateur.

"Ndiyo, docteur. Bale banatembea banasema banalala muzuri, hata magoti haibaumi tena. Nikasema, kama iko dawa, na miye nifwate. Ile njia si njo yangu ya kila siku?"

"Umeharibu résultats, matokeo yetu. Tunakutoa."

"Na vidonge?"

"Vidonge ni vya bale beko mu étude."

Yolande alimpima mara ya mwisho. Kumi na tisa kwa kumi na moja.

"Docteur, iko juu sana."

"Mwandikie karatasi aende hospitali kubwa."

Wote watatu walijua kwamba hospitali kubwa, kabla ya daktari, kuna dirisha la kulipia.

Nje, Mapendo alimshika Yolande mkono. "Unisamehe, mwana wangu. Nimekuletea maneno na mukubwa wako. Sasa ni nani alienda kusema?"

Yolande alikunja karatasi ya hospitali, akamtia mama mkononi.

"Sijui, maman."

"Basi, Mungu amusamehe." Mama akachuchumaa, akaligeuzia gunia mgongo, akaweka kamba kwenye kipaji. "Unisaidie tu kuinua."

Yolande akashika pembe mbili za chini. Hakuwahi kudhani lilikuwa zito namna ile. Alilazimika kulisukuma kwa goti. Miguu ya mama ikatetemeka, ikakaza, ikauanza mlima.

"Pole pole, maman," Yolande alisema.