Mguu wa Kulia wa Mzee Maundu

Kasyoka alikuwa ameshafunga dirisha la dawa wakati mzee asiyemjua alipoingia zahanati bila kubisha, kavaa gambuti siku ya jua kali, akaketi kwenye benchi kama mtu aliyefika kwake.

“Tumefunga, mzee.”

Tangu asubuhi alikuwa peke yake, mwenzake yuko likizo, na watoto aliowachanja walikuwa arobaini na wawili. Miguu yake mwenyewe ilikuwa imevimba.

“Najua, mwiitu, binti yangu. Nilikuwa nangoja watu waishe. Mimi ni Maundu, wa kule kwa mfereji. Nataka uning'oe kucha.”

“Gani?”

“Zote za mguu wa kulia. Za kushoto zinaweza kungoja.”

Alivua gambuti huku ameugeuzia ukuta uso. Kucha zilikuwa za manjano, nene, zinamegeka kama mkate mkavu. Ile ya kidole gumba ilikuwa imejikunja na kuzama nyamani, na pembeni mwake palikuwa na kovu la kuungua.

“Hapa ulitia nini?”

“Maji ya betri. Jirani aliniambia.”

“Na yeye yalimponya?”

“Yeye hakuwa mgonjwa.”

Kasyoka alitaka kucheka, akakosa nguvu. Alimweleza kwamba ni fangasi, walioingia kwa miaka mingi ya kumwagilia nyanya na miguu imeloa ndani ya gambuti. Kung'oa hakungesaidia, maana ukucha mpya ungeota na kukuta ugonjwa ukiungoja pale pale. Kulikuwa na vidonge, lakini kwanza hospitali ya kaunti impime ini. Na hata akipona, ukucha wa kidole gumba huchukua mwaka na zaidi kuota wote.

“Mimi sina mwaka,” mzee alisema. “Niko na kesho.”

Kesho ilikuwa Alhamisi Kuu. Jina lake lilikuwa limesomwa kanisani kati ya wale kumi na wawili wa kuoshwa miguu. Lilisomwa mwaka jana pia, na mwaka juzi, na kila mara alikimbilia Matuu, eti kutafuta mbegu.

“Padri anainama mpaka chini. Anaosha mguu wa kulia, anapangusa, anabusu. Sasa atabusu hii?”

Kasyoka alivaa glavu na barakoa. Alimpima sukari, akaona iko sawa, akachemsha maji na kutia chumvi. Mguu ulipolainika alipiga magoti sakafuni. Alikata kila ukucha kwa mstari ulionyooka, bila kuzungusha pembe, kwani pembe ikikatwa sana ndiyo hurudi kuchimba nyama. Akasugua unene kwa tupa mpaka unga mweupe ukajaa kwenye barakoa yake. Ule uliozama aliuinua taratibu na kuweka pamba chini ya ukingo. Mzee alishika benchi kwa mikono miwili.

Ilipita saa nzima.

“Bado ni za manjano,” mzee alisema.

“Ndiyo.”

“Basi nipake hata rangi, kama wasichana.”

“Uende mbele ya Padri na kucha nyekundu?”

Hapo wote wawili walicheka. Kisha mzee akautazama mguu.

“Nitautoa,” alisema, “kama wewe utakuja nikuone. Umeuona na hukukimbia.”

“Nitakuja, mzee,” Kasyoka alisema, kwa kuchoka tu, ili aende zake.

Baada ya kufunga mlango ndipo alipokumbuka safari yake ya kesho jioni. Gari la mwisho la Machakos huondoka saa kumi na moja jioni, na Misa ilikuwa ya saa kumi na mbili. Mwanawe Mumo alikuwa huko, amefunga shule, miezi mitatu hawajaonana, na Jumamosi asubuhi Kasyoka alikuwa na zamu.

Alimpigia simu.

“Kwa hivyo utakuja Ijumaa?” Mumo aliuliza. “Ulale siku moja tu?”

“Hata hiyo sitalala. Nitarudi jioni.”

“Haya, Mama,” Mumo alisema, na ile “haya” ilimuuma kuliko kama angelalamika.

Alhamisi jioni alikwenda moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake. Yeye ni wa kanisa la Inland, si Mkatoliki, hakujua wapi pa kusimama wala lini apige magoti, ila alisogea mpaka benchi ya mbele. Maundu alikuwa wa tisa, amevaa viatu vyeusi vya kuazima. Wa nane alipokwisha kuoshwa, mzee alikuwa bado hajafungua kamba. Aligeuza kichwa, akatafuta, akamwona.

Akainama, akavua kiatu, akavua soksi, akauweka mguu juu ya beseni.

Padri aliosha. Alipangusa kila kidole, akabusu, akasogea kwa wa kumi. Maundu alisahau kuurudisha mguu. Ulibaki pale mbele ya watu wote, mtupu na wa manjano, ukidondosha maji, na Kasyoka alikaa akiutazama mpaka mwisho.